Kiapo cha Bunduki Nyepesi

Izki, 12 Aprili 2025

Shemeji yangu Hood, fundi mstaafu wa bunduki za polisi na kiziwi asiyetibika,

Barua hii itakufikia inanuka nguru. Muzamil wa gari ya samaki akishashusha mzigo wake hapa Izki huichomeka baina ya masanduku matupu akarudi nayo Sur. Usimlaumu yeye, yalaumu masikio yako. Watu wengine wana mashemeji wa kuwapigia simu. Mimi nikikupigia nikakuuliza hujambo, unanijibu "saa nane na nusu".

Pokea kwanza habari ya fakhari. Idi hii iliyopita nimevunja vigae vitano kwa risasi tano. Unavijua, vile vigae vyeupe vya jikoni wanavyovisimamisha chini ya jabali, vitano kila mtu, dakika moja kila mtu. Vyote vimekwenda unga. Watu wa mtaa wa pili walinyamaza kama wamefiwa.

Haya, vinne.

Haya bwana, sikuvunja hata kimoja, wala sikupiga. Nilikuwa chini ya turubai nimeshikishwa dala, birika la kahawa, nawamiminia watu ambao baba zao niliwafundisha mimi kufumba jicho moja. Yule Nizar, kapteni wa timu ya mtaa wetu, yule wa miwani myeusi hata ndani ya nyumba, akanambia mbele ya kadamnasi: "Ba Ussi, wewe sasa ni baraka yetu. Kaa kivulini." Baraka. Na mbuzi wa Idi naye ni baraka, mtu akamuulize anaonaje.

Nilikasirika siku ile na bado nimekasirika, na nimeanza kuizoea.

Lakini silo nililokuandikia. Nina rafiki yangu wa Fanja, mtu wa makamo yangu, mkono wake wa kulia una kasoro. Anataka bunduki ya kuanzia, nyepesi, isiyo ghali, ile inayojipakia yenyewe: unabonyeza, inatema ganda, inajitia risasi nyingine, unabonyeza tena. Zile za kuvuta komeo kila risasi haziwezi, mkono haumtii. Nimemwambia mimi takataka hizo sizijui, mimi na samaa yangu, bunduki kongwe ya risasi moja moja, tumeshazeeka pamoja. Tena kufyatua ya kujipakia mimi haramu, nimeapa kiapo kizito mbele ya wanaume, na weye viapo vyangu unavijua. Lakini nikamwambia nina shemeji anayezijua bunduki kuliko anavyowajua watoto wake.

Nijibu upesi, rafiki yangu ana haraka. Dada yako Saliha anakusalimu. Sikumwambia kama nakuandikia, lakini angekusalimu.

Shemeji yako,
Ussi


Sur, 17 Aprili 2025

Shemeji Ussi, shikamoo.

Barua imefika, na harufu yake. Kwanza nambie, mwandiko wako umeingiwa na nini? Herufi zote zimelala upande mmoja kama walevi. Nimeisoma kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine.

Mwambie rafiki yako asianze na bei wala sura. Wanunuzi wa bunduki ya kwanza huanza na hayo mawili na wote hujuta. Aanze na risasi. Achukue ya risasi ndogo, hii inayoitwa saktoni. Teke lake ni la kifaranga, bega la mzee litalistahimili, na risasi zake ni rahisi, atafanya mazoezi bila ya kuuza mitende. Bunduki rahisi ya risasi ghali ni sawa na kupewa gari bure halafu ukalisukuma.

Uzito, isizidi sana kilo mbili na nusu. Ya kitako cha plastiki ni nyepesi kuliko ya mti, na joto la kwetu haliipindi. Lakini wepesi nao una ubaya wake, bunduki nyepesi inatikiswa hata na pumzi. Kama mashindano yanaruhusu mfuko wa mchanga, aiegemeze.

Urefu wa kitako asikubali kuambiwa na muuzaji. Aipachike begani, afumbe macho, ailete shavuni, halafu afumbue. Jicho likiwa limekaa sawa na shabaha, hiyo ni yake. Akiwa anaitafuta kwa shingo, airudishe rafuni.

Jengine, hizi zinazojipakia huchagua chakula. Risasi mbovu huzikwamisha. Anunue aina mbili tatu, kidogo kidogo, aone ipi inashuka vizuri. Na kila anapoiweka chini atoe magazini, avute komeo, atazame ndani, halafu atie kidole ahakikishe. Magazini ikitoka, moja huweza kubaki ndani ya mtutu. Nimekwenda mazikoni kwa sababu ya hiyo moja.

Na ruhusa ya polisi mwanzo, kabla hajaingia dukani. Asije kunambia kanunua kwa mtu nyuma ya soko.

Sasa nami nina suala. Mkono wake una kasoro gani? Kama atapiga kwa kushoto, ajue maganda hutokea upande wa kulia. Yatampita mbele ya pua, na moja litamwingia kifuani. Haliui, lakini asishtuke akawageuzia watu mtutu.

Na jina lake nani huyo wa Fanja? Nimefanya kazi Fanja, wenye bunduki wote nawajua.

Nguru aliyemo guniani ni wa dada Saliha, si wako.

Hood


Izki, 26 Aprili 2025

Shemeji mwenye masuala mengi kuliko polisi uliyostaafu,

Rafiki yangu hana jina. Amelisahau kwa uzee, tukilikumbuka tutakuletea.

Ijumaa tulikwenda Nizwa, mimi na yeye. Tulisubiri mnada wa mbuzi umalizike, maana njia yote ilijaa watu wanaozungushwa na mbuzi wao, halafu tukaingia kwenye duka la bunduki. Muuzaji kijana, jina lake Firas, ndevu kazipima kwa rula. Hata salamu hajamaliza, ananiuliza: "Ya mjukuu, mzee wangu?" Nikamwambia hapana, ya babu yako. Akacheka kwa meno ya mbele tu.

Alitutolea mbili. Moja ya kitako cha mti, nzuri, mtu ungeiposa. Nyingine nyeusi, plastiki tupu, sura yake ya mashine ya kutobolea ukuta. Ile ya mti niliishika nikaisimamisha, kitambo kidogo ncha ikaanza kuandika hewani. Ile nyeusi nikaipachika begani, la kushoto, nikafumba macho, nikaileta shavuni kama ulivyosema, nikafumbua. Wallahi Hood, jicho lilikuwa limekaa pale pale, kama lilizaliwa nayo. Nilikaribia kulia ndani ya duka la watu.

Yaani rafiki yangu ndiye aliyekaribia kulia. Mimi nilikuwa nasimulia tu.

Bei yake haimshindi fahali wa Idi aliyekonda. Lakini yule Firas hakuridhika, akaanza kuipamba: darubini ya juu, mkanda, mkoba wenye zipu, glavu. Glavu, Hood, katika joto la Nizwa. Bunduki yenyewe rahisi, mapambo yake ya bi harusi. Nikamwambia rafiki yangu haoi, anapiga vigae. Nilitoka pale na hasira mpaka Birkat al-Mauz, nikala ndizi, zikapungua.

Ruhusa ameiomba na ameipata, kwa hilo usinihubirie.

Ana suala moja. Mtu akiitoa magazini, akatia risasi moja kwa mkono, akafyatua, akatia nyengine kwa mkono, akafyatua, hiyo bado inahesabika kuwa ni ya kujipakia? Nijibu kwa maandishi, kwa mwandiko wako mzuri, na utie sahihi na cheo chako cha zamani.

Ussi


Sur, 3 Mei 2025

Ussi,

Shikamoo leo hupati.

Jana Muzamil alikuja kunywa chai kwangu. Nikamuuliza nani huyu rafiki wa Fanja. Alicheka mpaka akaimwaga chai. Alipoona sicheki, akachukua karatasi ya kufungia samaki akaniandikia kwa herufi kubwa, ili nisije nikasema sikusikia, kile ulichokiapa siku ya Idi mbele ya wanaume wote uwanjani. Kwamba siku utakayofyatua bunduki ya kujipakia, Saliha ana talaka yake.

Nimeisoma mara moja. Ya pili sikuweza.

Watu huapa kwa vichwa vyao. Wengine huapa kwa ng'ombe. Weye umemchukua dada yangu, mwanamke aliyezeeka ndani ya nyumba yako, ukamtundika kwenye kifyatulio ili umtie aibu mvulana wa miwani. Na hukutosheka na hilo. Ukaja kwangu mimi, ndugu yake, nikuchagulie chombo cha kumwachia. Nimekupimia uzito. Nimekufundisha namna ya kuileta shavuni. Nimekaa hapa na miwani miwili puani, nahangaika rafiki yako asije akaingiwa na ganda kifuani.

Suala lako nalijibu. Ukiilisha moja moja kwa mkono, bado itatema ganda yenyewe na itajikoki yenyewe. Ndivyo ilivyoundwa, na haina habari ya kiapo chako. Sahihi sitii. Nilikuwa fundi, sikuwa kadhi.

Nakuuliza na nataka jibu la kiume. Samaa yako ina nini? Umepiga nayo tangu tulipokuja Oman. Unataka nini kwenye plastiki?

Ukiifyatua, Ussi, usinijue nisikujue.

Hood


Izki, 10 Mei 2025

Hood,

Na mimi salamu sina, tuko sawa.

Umemaliza kupiga makelele? Sasa kaa kitako usome, na hiyo miwani ongeza wa tatu.

Mkono wa rafiki wa Fanja ni wangu. Mwezi wa Rajab niliamka alfajiri nataka kuvuta shuka, mkono wa kulia ukabaki pale ulipo kama wa mtu mwingine aliyelala ubavuni mwangu. Hospitali wakasema ni kiharusi kidogo. Kidogo kwao. Vidole sasa vinafunguka, lakini kukaza havikazi. Samaa siinyanyui. Komeo silivuti. Barua zote hizi naziandika kwa kushoto, ndio hao walevi wako. Tulikuficha makusudi, mimi ndiye niliyemwambia Saliha asikwambie, kwa sababu ungekuja hapa ukakaa unanitazama kwa macho ya maiti, na kwa uziwi wako nisingeweza hata kukufukuza.

Siku ya Idi nilikwenda uwanjani nimeuficha mkono ndani ya joho la bisht. Hakuna aliyejua. Nizar akanijia na bunduki yake ya kujipakia, akaninyooshea mbele ya watu: "Ba Ussi, jaribu hii, nyepesi, hata bibi yangu anaiweza." Wakacheka wote. Nifanye nini, Hood? Nikinyoosha mkono wameuona. Nikikataa kimya, watasema naogopa. Kiungo kilichobaki kizima mwilini kilikuwa ulimi. Nilitaka neno zito la kuwafunga midomo, na neno zito kuliko yote niliyonayo ni Saliha. Nikalitumia.

Walinyamaza, hilo liandike. Halafu nikapewa dala.

Tangu siku ile siwazi kitu ila ile bunduki. Nikila naiwaza. Imamu anasoma, mimi napima upepo. Na ndiyo, nimeinunua. Iko kabatini, magazini mbali, komeo nimelivuta, nimetazama, nimetia kidole. Sijaifyatua. Kila Saliha akienda kwa jirani, naitoa nailenga ukutani, kwa bega la kushoto. Haitikisiki. Mimi ni yule yule, Hood. Kilichobadilika ni upande tu.

Nilikwenda kwa Shekhe Ayoub na ile hoja ya kutia risasi moja moja. Alicheka mpaka akajifuta macho, halafu akaacha kucheka. Akasema bunduki ni ile ile na nia ni ile ile, ukifyatua talaka moja imepita. Akaniuliza: "Bi Saliha mwenyewe anasemaje?" Nikamwambia hasemi kitu. Na ni kweli hakusema kitu, nilikuwa sijamuuliza.

Jana narudi kutoka msikitini nakuta kabati wazi na Saliha hayupo. Amekwenda Ibra kwa binti yetu Kaltham. Bunduki hakuigusa. Kachukua cherehani yake, na hiyo ndiyo iliyonitoa jasho. Mwanamke anayekwenda kusalimia hachukui cherehani.

Umemwambia weye. Nani mwengine? Umeshindwa kunizuia mimi, ukaenda kumtia moto dada yako. Hongera. Ulitaka nikose bunduki, sasa nimekosa na chai.

Ussi


Ibra, 19 Mei 2025

Baba Kaltham,

Gari ya samaki inapita hapa kila wiki, kwa hivyo nami naweza kuandika. Nimesikia unamtukana Hood. Muombe radhi. Hood hakunambia kitu.

Nilijua siku ile ile ya Idi. Weye unadhani majlisi ya wanaume ina mlango? Hujafika nyumbani, nimeshapigiwa simu tatu. Nikakutilia chakula, ukala, nikangoja useme. Nikajisemea labda atasema baada ya kahawa. Labda baada ya Isha. Nimengoja mpaka siku niliyoondoka, na kila siku nakukunjia mikono ya kanzu na kukufunga kilemba, shingo yako iko hapa mbele yangu, mdomo wako karibu na sikio langu, na husemi.

Masika, jirani yetu, alinikuta kwenye mfereji wa falaji nateka maji ya maua. Akaniuliza: "Bi Saliha, hujaachwa bado?" Hakuwa na ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza embe zimeiva. Nikacheka naye, nikarudi nyumbani nikapiga sahani ukutani. Ndiyo ile niliyokwambia imeponyoka.

Halafu nikaiona kabatini. Hilo si kubwa. Kubwa ni haya nitakayokwambia, na uyasome polepole.

Umemuuliza Hood. Umemuuliza Shekhe Ayoub. Umemuuliza mpaka muuza bunduki wa Nizwa. Mwenye talaka mwenyewe hukumuuliza. Ungenijia ukanambia, Saliha, nimeropoka, nimekutaja mbele ya watu kwa sababu mkono ulinitia haya, ningekutukana siku mbili, halafu tungekwenda kwa Shekhe pamoja tukajua la kufanya. Mimi si mwanamke wa kuogopa bunduki. Baba yetu alinifundisha kupiga kabla yako, na hilo pia hupendi kulisema.

Na nakujua zaidi ya hapo. Watu wakikuuliza mbona hupigi siku hizi, na za kujipakia zimejaa mtaani, unawajibu: "Namuonea huruma Bi Saliha." Mke wa Nizar kanambia, na wengine wawili. Basi mimi ndiye ninayekuzuia. Mzee angevunja vigae vyote, ila ana mke. Umeona mkono umekufa ukaona haya kuuonyesha, ukanichukua mimi ukaniweka mahali pake. Mimi si mkono wako uliokufa, Ussi.

Ukitaka kufyatua, fyatua. Ukiogopa kukosa, sema unaogopa kukosa, watu wote hukosa. Lakini mimi usinifanye kisingizio.

Nitakaa kwa Kaltham. Nimeanza kuwashonea wanawake wa hapa nguo za Idi. Dawa yako ya presha iko nyuma ya kopo la chai, ya asubuhi nyeupe, ya usiku ya pinki. Usichanganye kwa ukaidi.

Saliha


Sur, 27 Mei 2025

Shemeji Ussi, shikamoo.

Shikamoo nimekurudishia kwa ajili ya mkono. Hasira sijaiacha, imehama tu. Mwanzo nilikasirika kwa ulichoapa, sasa nimekasirika kwa ulichonificha. Tangu Rajab. Nilikaa na barua yako hapa nakucheka mwandiko.

Saliha naye kaniandikia. Sijui kakwambia nini na sikuulizi. Mimi kaniambia mistari miwili: nisije Izki, na nisikutete wala nisikulaumu mbele ya mtu.

Kwa hivyo nasema moja tu. Idi kubwa hiyo imefika. Usiende uwanjani. Mwambie Nizar unaumwa, ni kweli unaumwa. Bunduki irudishe kwa yule Firas, atakukata kidogo, mwache akukate. Baada ya Idi uende Ibra ukaseme na mkeo. Haja ya kigae itapita, kigae ni kigae.

Nijibu hata neno moja.

Hood


Izki, 22 Juni 2025

Shemeji yangu Hood,

Unajua sikukujibu. Ulinambia nisiende, na ungekuwa ushauri mzuri kwa mtu mwingine.

Idi pili baada ya alfajiri, jua halijaanza kuuma, nilikwenda uwanjani na bunduki ndani ya mkoba wake. Mkoba wa zipu, ndiyo, yule Firas alishinda. Mkono wa kulia niliuacha nje, unaning'inia, kila mtu auone. Kilemba nilijifunga mwenyewe kwa mkono mmoja, kilikaa kama kamba ya mbuzi iliyojizonga, na hakuna aliyecheka. Walikuwa wanautazama mkono.

Nizar alikuwa keshaniwekea kiti. Cha plastiki, na mto wa maua juu yake. Akashika kipaza sauti akatangaza: "Mgeni wetu wa heshima, Ba Ussi, ambaye hatapiga kwa kumuonea huruma Bi Saliha." Watu wakacheka kwa mapenzi, wallahi kwa mapenzi, na hapo ndipo nilipopofuka. Yale yalikuwa maneno yangu mwenyewe, niliyoyasambaza mwenyewe, yamenirudia kwenye spika. Na barua ya dada yako ilikuwa mfukoni inasema kweli ile ile.

Nilikwenda kwenye mstari. Nizar akanifuata, akavua ile miwani, mara ya kwanza nimeona macho yake. Akaninong'oneza: "Ba Ussi, kiapo." Nikamwambia kaa kivulini, baraka.

Nililala kifudifudi, nikaiegemeza kwenye mfuko wa mchanga. Bega la kushoto, shavu, jicho. Nikafyatua.

Kigae cha kwanza kilivunjika. Huu si uongo, Muzamil alikuwepo, muulize. Ganda likanipiga puani kama ulivyosema. Watu wakapiga ukelele ambao sijausikia tangu nina meno.

Nikalenga cha pili. Muda upo, risasi zipo, bunduki imeshajipakia inangoja. Kidole kikakataa, na hicho ni cha mkono mzima. Nililala pale nimeuziba uwanja mzima na kidole changu hakiendi. Risasi ya kwanza niliipiga kwa hasira, Hood. Ya pili nilitakiwa kuipiga kwa furaha, na nilipoitafuta haikuwemo. Nilichosikia masikioni ni cherehani.

Nikatoa magazini, nikavuta komeo, nikatazama, nikatia kidole. Nikasimama nikajikung'uta vumbi. Vile vinne vikabaki vimesimama vyeupe, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Shekhe Ayoub anasema moja imepita. Anasema bado yumo edani, na sheria inaniruhusu nimrejee mbele ya mashahidi wawili bila hata ya kumuuliza. Nikamwambia Shekhe, sheria hiyo haijapata kuishi na Saliha. Nitamuuliza. Akisema hapana, itakuwa hapana, nami nitarudi Izki nile dawa nyeupe asubuhi na ya pinki usiku kama alivyoandika. Ukweli nakwambia weye kwa kuwa husikii: naogopa kukosa kule kuliko nilivyoogopa vigae.

Bunduki ipo. Kiapo kimeshakufa, sasa naweza kuifyatua mchana kutwa bila ya kumdhuru mtu, na sina hamu nayo. Nizar anakuja kila jioni kunibembeleza nirudi kwenye timu. Namkaripia, anakaa, ananisaidia kufunga kilemba. Anakifunga vibaya.

Alkhamisi napanda gari ya Muzamil mpaka Ibra, pamoja na samaki wasiouzwa. Nataka na weye upande kutoka Sur, tukutane mlangoni kwa Kaltham baada ya alasiri.

Sikuombi unisemee. Najua umekatazwa. Lakini mimi nakudai kitu, Hood. Siku ile uliyokwenda kumposa marehemu mkeo Hajar, ulifika mlangoni kwa baba yake ukaganda, mkono umeunyanyua na haugongi, jasho linakutoka mpaka kwenye viatu. Nani aligonga? Sikumwambia mtu mpaka leo, na ukifa kabla yangu nitakuzika nayo.

Basi nami nigongee. Saliha anaujua ugongaji wangu, akiusikia hatafungua. Gonga weye, mara tatu, kwa nguvu zako za kiziwi. Akishafungua, sogea pembeni.

Ussi